Hesabu kwa Penseli

Bwana Dzombo,
hii si barua ya kwanza. Ya kwanza ilikwenda Kinango kwa rejista,
ikarudi na muhuri wa posta, haikufunguliwa,
ila inanuka moshi wa kuni,
kana kwamba ilikaa jikoni mwa mtu
na mtu huyo akiiogopa.

Gari lako lipo.
Ile pikapu ya buluu, tairi moja limeketi chini.
Ulisema, "Naja kesho, baada ya alasiri."
Ilikuwa Jumanne, Idi imepita siku mbili,
watoto bado wanachechemea na viatu vipya.
Alasiri ngapi zimeadhiniwa hapa Magongo tangu hapo?
Nimezihesabu: elfu moja, mia nne, sitini na moja.
Kwa mia na hamsini kila siku ya kulala
ni laki mbili na elfu kumi na tisa, mia na hamsini.
Sijatia turubai (mawili; la kwanza kusi ililirarua),
sijatia faini ya kaunti kwa kufuga mbu,
sijatia paka aliyezaa mara tatu kwenye kiti cha dereva
na maziwa nikanunua mimi.

Chumvi inaula mlango wako kwa adabu,
kama mgeni anayesema ameshiba huku mkono uko sahanini.
Na hapo ulipopaziba zingelala tuktuk nne.
Tuktuk hulipa asubuhi.

Nilikwenda mjini kwa karani wa wakili,
orofa ya pili, juu ya duka la magodoro.
Akauliza, "Mlikubaliana ada ya kulaza?"
Nikamwambia, gari limelala.
Akasema, "Kulala si kukubali, mama."
Akanitoza elfu mbili kwa maneno hayo.
Hizo nimezitia.
Toa ilani, akasema, ngoja, toa tena, kisha nadi.
Kitakachozidi deni ni chake.
Kitakachopungua, ni wewe na Mola wako.

Akaja mnunuzi wa vyuma kutoka Jomvu,
akagonga boneti kwa kidole kama anayechagua nazi.
"Thelathini na nane elfu. Winchi juu yangu."
Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu.
Lako lipo, Bwana Dzombo. Lako lipo sana.

Akalala chini kutazama.
Akatoka na grisi shavuni:
"Mama, hii haina giaboksi."

Kidroo cha dashibodi kilikuwa na kufuli ya kutu.
Akakifungua kwa bisibisi.
Ndani, risiti ya kitabu chetu, mwandiko wa Badi wangu,
ile "d" yake iliyopinda kama spana:
Nimepokea 45,000. Giaboksi kamili. Hakuna deni.
Tarehe, ya Jumanne ile.

Badi alianguka Alhamisi.
Na mimi nilizikuta pesa kwenye mfuko wa shati lake,
zimekunjwa mara mbili, nikasema, Mungu hamtupi mjane.
Ndizo zilizonunua sanda.
Ndizo zilizonunua mchele wa hitima, na mbuzi, na kahawa ya wasomaji.

Labda ulikuja.
Labda ulifika langoni ukaona turubai la matanga,
ukaona haya kuuliza giaboksi mbele ya jeneza,
ukageuka na stara yako, na kesho yake ukaona haya tena,
na haya nayo hujilimbikiza, siku kwa siku,
kama ada.

Mnunuzi nimemrudisha Jomvu.
Usidhani nimesamehe. Kodi ya kiwanja hailipwi kwa kusamehe.
Nimetoa elfu arobaini na tano: ikabaki
laki moja, elfu sabini na nne, mia na hamsini.
Nikaitazama. Nikaifuta.
Neno la fundi aliyekufa hulipiwa shilingi ngapi kwa siku?
Karani sikumuuliza. Angenitoza.

Njoo tudaiane, Bwana Dzombo.
Njoo na risiti yako, ninayo mimi.
Ndege imepita chini chini ikielekea uwanjani, bati likatetemeka,
muadhini akamaliza,
na daftarini nimeandika siku ya elfu moja, mia nne, sitini na mbili:
mia na hamsini,
kwa penseli.